MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: TAA, WAPIGA MBIZI NA MFUKO WA KIKUNDI

(Mazungumzo na wanavikundi vya kujisaidia, Mji wa Kale, Mombasa)

  

Siku hizi tukizuru vikundi tunaletewa ombi la aina moja. Kikundi kinataka barua ya kukiunga mkono kiende kukopa pesa, kinunue mashua na injini. Tukiuliza mashua ya kazi gani, twaambiwa: ya kuwachukua watalii wanaokuja kupiga mbizi kumwona taa. Vijana wamesikia kwamba kuna Wazungu wanaotoka kwao, wanapanda ndege mchana na usiku, ili tu waingie majini na kumtazama taa. Hawamvui, hawamli, wanamtazama na kurudi kwao.

Jambo hili ni kweli. Lakini kabla hatujatia sahihi barua yoyote, tumeona tuketi tulizungumze. Deni la mashua hulipwa na kila mwanachama, hata yule mama anayeweka shilingi hamsini kwa wiki na hajawahi kukanyaga mashua. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi leo twauliza: mwenyeji atapona vipi?

TAA TUNAYEMZUNGUMZA NI YUPI?

Tukisema taa hapa pwani kila mtu anamjua. Wako wa aina nyingi, na wengine wana mwiba mkiani ambao mvuvi akichomwa halali usiku. Jikoni twamjua kwa mchuzi wa nazi, na sokoni twamjua akiwa ng'onda. Lakini yule anayefuatwa na watalii ni mkubwa kuliko hao wote. Wao humwita manta. Aliye mkubwa kabisa hufika upana wa karibu mita 7 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine. Hebu tandazeni mashua ndogo mbili, moja nyuma ya nyingine, mtapata picha.

Pamoja na ukubwa wote huo, manta hana mwiba wa kuchoma na hamli mtu. Chakula chake ni viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Hufungua kinywa na kuyachuja maji anapoogelea, na mara nyingi hula juu juu ya maji. Tumboni ana madoa, na hakuna wawili wenye madoa sawasawa. Watafiti humpiga picha ya tumbo na kumtambua mwaka baada ya mwaka, kama vile serikali inavyotutambua kwa alama za vidole vilivyo kwenye kipande.

Sasa sikieni jambo lililo kubwa kuliko yote. Samaki kama changu hutaga mayai kwa maelfu. Manta hatagi. Huzaa mtoto mmoja, baada ya mimba ya kama mwaka mzima, na baada ya hapo hupumzika miaka 2 au zaidi kabla ya kuzaa tena. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo manta mmoja akinaswa katika jarife, si samaki mmoja aliyepotea. Ni kama kumchinja ng'ombe wa pekee wa boma, ambaye huzaa kwa nadra.

Huko Asia kuna soko la matamvua yake, yaani yale mashavu ya kupumulia, ambayo hukaushwa na kuuzwa kama dawa. Kwa sababu ya biashara hiyo, mwaka 2013 mataifa yaliyokutana Bangkok yalikubaliana kuidhibiti kwa mkataba wa kimataifa. Yeyote atakayewaambia vijana wetu kwamba kuna tajiri ananunua mashavu ya taa kwa bei nzuri, ajue anawaingiza katika matatizo.

PESA ZENYEWE ZINAPITA WAPI?

Mwaka 2013 watafiti walitoa hesabu ya utalii wa kuwatazama manta duniani. Walikadiria kwamba unaleta kama dola milioni 140 kwa mwaka. Katika hizo, kama milioni 73 zililipwa kwa wenye vyombo vya kupiga mbizi. Zilizobaki, karibu nusu, zilikwenda kwingine: malazi, chakula, usafiri na mahitaji mengine ya mgeni.

Tafadhali liwekeni hilo moyoni. Karibu nusu ya pesa za taa haiko majini. Iko nchi kavu, mahali ambapo nyinyi mko tayari. Mgeni akitoka majini ana njaa, ana kiu, anataka pa kukaa kivulini, anataka kitu cha kumpelekea mamake.

Nchi zilizopata sehemu kubwa ya pesa hizo zilikuwa chache, na Afrika ilimo Msumbiji, jirani yetu wa kusini. Huko, katika mkoa wa Inhambane, kijiji cha Tofo kilipata jina kwa sababu ya manta. Lakini watafiti waliohesabu pale kuanzia 2003 hadi 2011 waliona kwamba manta wa mwambani walionekana kwa upungufu wa asilimia 88. Uvuvi ulitajwa kuwa moja ya sababu. Hoteli zilikuwako, mashua zilikuwako, mitungi ya hewa ilikuwako, na mnyama mwenyewe akawa anatoweka. Mwaka 2021 Msumbiji ilimwingiza manta katika sheria zake za uvuvi ili alindwe.

Visiwa vya Maldives walichukua njia nyingine. Wana ghuba ndogo iitwayo Hanifaru, ambako manta hukusanyika kula. Waliilinda tangu 2009, na tangu 2012 wamekataza kabisa mitungi ya hewa ndani yake. Mgeni huingia kwa miwani ya maji na mrija tu, na hukaa kwa muda uliopimwa. Kwa hiyo msidanganywe kwamba ili mgeni amwone taa ni lazima mnunue mitungi na mashine ya kuijaza. Penye kima cha taa kulia juu ya maji, mrija watosha.

BAHARI YETU INAWEZA KUAHIDI NINI?

Hapa inafaa tuseme ukweli kama ulivyo. Manta huonekana katika pwani ya Kenya, na wapiga mbizi wa Diani na Watamu hukutana naye, hasa wakati wa kaskazi maji yanapotulia. Wakati huo huo huonekana pia papa shilingi, yule mkubwa mwenye madoa kama sarafu mgongoni. Lakini huonekana kwa bahati. Hakuna nahodha, hata awe hodari vipi, anayeweza kumwambia mgeni: kesho saa nne nitakuonyesha manta. Mkiandika kwenye ubao “Njoo umwone manta”, na mgeni akarudi mara tatu bila kumwona, atawaita waongo, na atawaambia wenzake.

Basi uzeni mlicho nacho. Na Mombasa ina vitu.

Ipo Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, upande wa Nyali na Bamburi, iliyotangazwa mwaka 1986. Wazee wavuvi mnakumbuka uchungu wake, kwa maana mlifungiwa mahali mlipozoea kuvua, na uchungu huo hatuupuuzi. Lakini watafiti waliofuatilia mwamba ule waliona samaki wakiongezeka ndani, na wengine wakitoka hadi kwenye mitego iliyo nje ya mpaka. Leo mgeni mwenye miwani na mrija huona humo matumbawe na samaki wa rangi rangi bila kuhitaji taa yeyote.

Iko pia meli ya MV Dania, ambayo ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002 nje ya Bamburi ili iwe nyumba ya samaki na mahali pa wapiga mbizi kuzuru.

Na hapa mlipoketi, chini ya kuta za Fort Jesus, imelala meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná. Ilizama mwaka 1697, wakati Waarabu wa Oman walipoizingira ngome. Kuanzia 1977 hadi 1980 wapiga mbizi wa kitaalamu walishuka pale pamoja na watu wa Makumbusho ya Kenya, wakatoa vyombo, mizinga na vitu vingine ambavyo mgeni anaviona leo ndani ya ngome. Mabaki hayo ni mali ya taifa na hayaguswi. Lakini habari zake ni zenu. Kijana wa Mji wa Kale anayeweza kumsimulia mgeni kisa cha meli hii, akampitisha vichochoroni, akamwonyesha milango ya nakshi na bandari ya kale, kisha akamfikisha kwa mama anayeuza mahamri, viazi karai na kahawa chungu, huyo ana kazi hata siku ambayo bahari imechafuka. Na hakukopa injini.

TUIPIGE HESABU MASHUA

Sasa turudi kwenye lile deni. Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, kila kikundi kitie zake.

Kikundi cha watu 20 kinakopa, na kinatakiwa kulipa shilingi 30,000 kila mwezi. Mashua inachukua wageni 6, kila mgeni analipa 1,500. Safari moja inaingiza 9,000. Tutoe mafuta 2,500. Tutoe nahodha na msaidizi wake 2,000. Tutoe 1,500 za dalali anayeleta wageni. Zimebaki 3,000.

Wakati mzuri, tuseme miezi 7, mnapata safari 12 kwa mwezi. Hiyo ni 36,000. Mkilipa deni mnabaki na 6,000. Kwa miezi 7 ni 42,000. Watu wanashangilia.

Kisha unaingia kusi. Bahari inachafuka, maji yanakuwa na tope, wageni wanapungua. Miezi 5 mnapata safari 2 tu kwa mwezi, yaani 6,000. Benki haijui kusi. Inataka 30,000 zake. Kila mwezi mnapungukiwa na 24,000, na kwa miezi 5 ni 120,000. Toeni zile 42,000 mlizoweka, mwaka unaisha mkiwa na upungufu wa 78,000. Na injini bado haijaharibika, na leseni bado hamjalipia.

Sasa tufanye hesabu ile ile, ila dalali asiwepo, wageni waje kwenu moja kwa moja. Kila safari inabakisha 4,500. Miezi mizuri inaacha 24,000 kila mwezi baada ya deni, jumla 168,000. Miezi ya kusi inakula 105,000. Mnamaliza mwaka na 63,000 mkononi.

Mashua ni ile ile, bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayemleta mgeni. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mashua, tafuteni mgeni. Fanyeni mapatano ya maandishi na nyumba ya wageni, shule au kituo cha kupiga mbizi. Kama hakuna aliye tayari kuandikiana nanyi, hiyo ni dalili. Na msimu wa kwanza kodisheni mashua ya mwanachama mvuvi, iliyokaguliwa na kupewa kibali. Mwisho wa msimu mtajua kama mradi unasimama au hausimami, na mtakuwa hamdaiwi na mtu.

WENZETU WALIFANYAJE?

Kule Wasini, karibu na Hifadhi ya Kisite-Mpunguti, watalii walikuwa wakipita kwa majahazi kwenda kuogelea na kutazama pomboo, huku kijiji kikiwatazama tu. Kina mama wakajiunga. Nyuma ya kijiji kulikuwa na matumbawe ya kale yaliyosimama nchi kavu kati ya mikoko. Wakajenga njia ya mbao juu yake, wakatoza kiingilio. Mapato yamesaidia mahitaji ya kijiji, yakiwemo masomo ya watoto. Angalieni vizuri: hawakushindana na wenye majahazi. Walitafuta kile ambacho mgeni angekipenda na ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi waliona samaki wanakwisha. Walianza kujipanga mwaka 2003, na mwaka 2005 wakaifunga sehemu ya bahari yao kama hekta 30, asivue mtu. Wengi waliwaona wendawazimu. Samaki wakarudi, na wageni wakaanza kuja na miwani na mirija, wakilipa. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Lakini haikuwa kazi ya mwezi mmoja. Ilihitaji kuwa na subira, na kukaa macho dhidi ya wenzao waliotaka kuvua usiku.

Na kisiwani Mafia, Tanzania, papa shilingi, ambaye wao humwita papa potwe, huja karibu na Kilindoni kuanzia kama Oktoba hadi Februari. Wageni hupelekwa kwa mashua za pale pale kuogelea naye. Anaendelea kuja kwa sababu watu wanaomwona kila siku wameona faida ya kumwacha.

VIJANA, NA MTUNGI WA HEWA

Nyinyi vijana mnatuambia: sisi twajua kuogelea tangu utotoni, tupeni mtungi tu. Hapana. Kuogelea ni jambo moja na mtungi ni jambo jingine.

Ukishuka mita 10, uzito wa maji na hewa juu yako ni mara mbili ya ule ulioko ufuoni. Hewa unayovuta kule chini huingia katika damu zaidi ya kawaida. Ukipanda ghafla, inatoka kwa mapovu, kama chupa ya soda uliyoitikisa na kuifungua. Mapovu hayo yakiingia kwenye uti wa mgongo, mtu hupooza. Na ukizuia pumzi wakati wa kupanda, mapafu yanaweza kupasuka. Katika pwani hii yetu ya Afrika Mashariki wako vijana waliopooza kwa kupewa mitungi bila mafunzo, wakatumwa kuokota majongoo ya bahari kwa ajili ya tajiri. Tajiri haonekani hospitalini.

Anayetaka kazi hii aisomee. Kozi ya kwanza ni ya siku chache tu, lakini haimfanyi mtu kuwa kiongozi. Kwa utaratibu wa PADI, ambao vituo vingi hufuata, ni lazima uwe umepiga mbizi mara 40 ndipo uanze kozi ya uongozi, na 60 kabla ya kupata cheti. Kama kikundi kina pesa za kumsomesha kijana mmoja hadi mwisho, huenda hizo zikawa na faida kuliko injini. Lakini aandikiane na kikundi atarudisha nini.

Kwa mashua za mirija, haya yasipungue:

1. Jaketi ya kuokolea kwa kila mtu, na nahodha mwenye cheti cha KMA.
2. Ndani ya hifadhi, ada za KWS zilipwe na kanuni zifuatwe. Nje yake, kamati ya ufuo, yaani BMU, ijue mnachofanya.
3. Nanga isitupwe juu ya matumbawe. Fungeni kwenye boya.
4. Mkimwona manta au papa shilingi, punguzeni mwendo, msimkate njia. Mgeni akae mbali naye mita 3 au zaidi, asimguse, asimkimbize. Akiwa na haja ya kuja karibu, atakuja mwenyewe.
5. Akinaswa kwenye jarife angali hai, kateni wavu na mwacheni aende. Kikundi kikubaliane mapema namna ya kumsaidia mvuvi aliyepoteza wavu, maana si haki hasara ya wote ibebwe na mmoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Tunawaachia maswali haya. Msiyajibu kwa haraka, na kina mama wasikae nyuma kimya.

1. Mgeni wetu atatoka wapi, na nani atamleta? Tunaye aliyekubali kwa maandishi?
2. Miezi ya kusi tutakula nini na tutalipa deni kwa nini?
3. Ni kitu gani kilichopo kwetu ambacho mgeni hatakipata mahali pengine?
4. Ni kazi gani ya nchi kavu tunayoweza kuianza mwezi huu bila kukopa?
5. Nani kati yetu atapata, na nani atadaiwa? Ni watu wale wale?
6. Wavuvi wetu wanasema nini juu ya taa na papa shilingi? Tumewauliza, au tumewaamulia?

Karani aandike majibu, pamoja na hesabu ya kikundi chenu kama ile tuliyoipiga hapa, mkitia tarakimu zenu za kweli. Mkishayapitisha mkutanoni wanachama wote wakiwapo, leteni daftari ofisini. Tutaketi nanyi tulipitie mstari kwa mstari, kisha tutazungumza juu ya barua.